Rafiki na Mtaalamu wa Afya ya Akili: Je, Mmoja Aweza Kushika Nafasi ya Mwingine?

Mtu akivunjika mguu huko Nachingwea, hakuna abishaye juu ya la kufanya. Vijana humbeba mpaka hospitali, tabibu huunga mfupa, na majirani hubaki nyumbani wakipika uji na kuwaangalia watoto. Kila mmoja hutimiza wajibu wake. Hakuna adhaniye kwamba uji utaunga mfupa, wala hakuna adhaniye kwamba dawa ya tabibu itawalisha watoto.

Lakini mtu akipatwa na maradhi ya akili, mgawanyo huo wa kazi hupotea. Wapo wasemao kwamba mwenye ndugu na marafiki wema hahitaji mtaalamu, kwa kuwa shida ikishasemwa hupungua. Wapo pia, hasa miongoni mwetu tuliosoma, waonao kwamba maneno ya rafiki ni porojo tu, na kwamba pasipo daktari hakuna tiba. Makala haya yanayapima madai yote mawili kwa ushahidi wa utafiti, na kueleza maana yake kwa walimu na wanafunzi wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, na wa wilaya nyingine zinazofanana nazo.

Swali hili si la wasomi peke yao. Mkoa wa Lindi, zilimo wilaya hizo mbili, ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja katika sensa ya mwaka 2022. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, yaani Mirembe, iko Dodoma, mamia ya kilomita kutoka huko. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache nchini kote, na wengi wao wanafanya kazi katika miji mikubwa. Hali hii si ya Tanzania pekee: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, zaidi ya watu 75 katika kila 100 wenye maradhi ya akili hawapati tiba yo yote. Kwa watu hao, kuuliza kama rafiki aweza kuwa badala ya mtaalamu ni kuuliza kama kuna msaada wo wote uwezao kuwafikia.

MAANA YA MANENO

Kabla ya kuendelea, yafaa tutenganishe mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huitwa kwa jina moja.

La kwanza ni huzuni au wasiwasi wa kawaida. Aliyefiwa hulia, anayengoja matokeo ya mtihani hukosa usingizi. Huu si ugonjwa. La pili ni maradhi ya akili yaliyoenea zaidi, hasa sonona na wasiwasi uliopita kiasi. Mwenye sonona hupoteza furaha na hamu ya mambo aliyoyapenda, hulala vibaya, hula vibaya, huchoka, hushindwa kukaza fikra, hujiona hana thamani. Na hali hiyo hudumu siku nyingi mfululizo, walau wiki mbili. Watu wetu husema kwa ufupi, "ana mawazo." La tatu ni maradhi mazito kama vile skizofrenia, ambamo mgonjwa aweza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine au kushika imani zisizopatana na mambo yalivyo.

Hoja nyingi kuhusu urafiki na tiba hukwama kwa sababu msemaji mmoja anafikiria jambo la kwanza, na mwenzake anafikiria la tatu.

HAZINA TULIYO NAYO

Kusini mwa Tanzania hakuna upungufu wa taratibu za kusaidiana. Miongoni mwa Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao, utani si mchezo wa maneno tu. Panapotokea msiba, mtani huja na kazi zake za kimila, na kwa mizaha yake humtoa mfiwa katika ukimya ambao ndugu wa damu hawathubutu kuuvunja. Katika unyago, binti hupewa mtu mzima wa kumfunza na kumwongoza, na aweza kumwendea kwa siri asizoweza kumweleza mama yake. Ziko pia kazi za ujima, vikundi vya kuweka na kukopa fedha, na majirani wanaokesha matangani.

Taratibu hizi huonekana thamani yake wakati wa dhiki. Mwaka 2018, baada ya mabishano juu ya bei, Serikali iliamua kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wa kusini walingoja malipo yao kwa muda mrefu. Mkulima wa korosho au wa ufuta ambaye fedha yake haijafika, na ada ya mtoto inadaiwa, haanzi kutafuta mwanasaikolojia. Humwendea shemeji, jirani au mwenyekiti wa kikundi. Hapo hupata vitu viwili kwa pamoja: mkopo mdogo, na mtu wa kumsikiliza.

Mtafiti wa kisayansi huuliza: je, kusikilizwa huko kuna athari inayoweza kupimwa, au ni faraja ya kupita tu?

MWILI UNAVYOJIBU

Athari ipo. Mwaka 1978, George Brown na Tirril Harris walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanawake wa mtaa wa Camberwell, London. Waliona kwamba wanawake waliopatwa na pigo kubwa la maisha hawakuugua sonona kwa kiwango kimoja. Aliyekuwa na mtu wa karibu wa kumweleza siri za moyo wake aliugua kwa nadra zaidi kuliko yule asiyekuwa na mtu kama huyo. Idadi ya marafiki haikuwa jambo kubwa kama kuwa na mmoja wa kuaminika.

Mwaka 2006, James Coan na wenzake huko Marekani waliwachunguza wanawake 16 walioolewa kwa chombo kinachopiga picha za utendaji wa ubongo, huku wakiwaonya kwamba huenda wangepigwa shoti ndogo ya umeme. Mwanamke aliyeshikwa mkono na mumewe alionyesha mshtuko mdogo katika sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari. Mkono wa mtu asiyemjua ulisaidia pia, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Yaani, ubongo wa mwanadamu haupimi hatari kwa ukubwa wake tu. Hupima pia kama mtu yuko peke yake.

Basi msemo kwamba urafiki ni kinga una ukweli ndani yake. Lakini kinga na tiba ni vitu viwili. Chandarua huzuia malaria, ila hakimtibu aliyekwisha kuugua.

MAHALI URAFIKI UNAPOKOMEA

Urafiki una mipaka mitatu ambayo kila mwalimu na mwanafunzi yampasa kuifahamu.

Mpaka wa kwanza ni ugonjwa wenyewe. Skizofrenia na maradhi mengine mazito huhitaji dawa na uangalizi wa tabibu. Kumwambia mgonjwa wa namna hiyo "jikaze" ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka. Hata hivyo, tusidhani kwamba jamaa hawana kazi hapa. Daktari Mnigeria Thomas Adeoye Lambo, kuanzia mwaka 1954 huko Aro, Abeokuta, aliwapangisha wagonjwa wake katika nyumba za wanakijiji, wakifuatana na ndugu zao, na kuwatibu wakiwa katika maisha ya kawaida. Nchini Tanzania pia viliwahi kuanzishwa vijiji, kama vile Vikuruti karibu na Dar es Salaam, ambako wagonjwa waliopata nafuu walilima na kujizoeza kuishi tena na wengine. Katika mipango yote hiyo dawa na jamii zilifanya kazi pamoja.

Mpaka wa pili ni mazungumzo yenyewe. Si kila mazungumzo huponya. Mwaka 2002, mtafiti Amanda Rose wa Marekani alieleza tabia aliyoiona kwa wanafunzi, hasa wasichana: marafiki wawili huirudia shida ile ile kila siku, wakiigeuzageuza kama ng'ombe anayecheua, bila kufikia hatua yo yote. Aligundua kwamba marafiki hao walizidi kupendana, lakini pia walikuwa na dalili nyingi zaidi za huzuni na wasiwasi. Ukaribu uliongezeka pamoja na maumivu.

Mpaka wa tatu ni siri. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa kidato cha tatu katika bweni moja wilayani Ruangwa amekuwa halali vizuri kwa majuma matatu. Ameacha mpira, chakula chake humwachia mwenzake, na usiku mmoja anamwambia rafiki yake wa karibu kwamba afadhali asingekuwapo duniani. Kisha anamwapisha asimwambie mtu. Rafiki huyu ana umri wa miaka 16. Anampenda mwenzake kwa moyo wote, na kwa upendo huo huo ananyamaza. Hapa sifa bora ya urafiki, yaani uaminifu, yageuka kuwa hatari. Mtaalamu naye hutunza siri za mgonjwa wake, lakini amefundishwa ni lini siri haitunziki: ni pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini.

Mfano huu haupo mbali nasi. Shirika la Afya Duniani linaonyesha kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29 duniani.

MAJARIBIO MATATU

Sasa tuugeukie upande wa pili. Je, ni lazima msaidizi awe na shahada?

Mwaka 1979, Hans Strupp na Suzanne Hadley wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio lililowashtua wengi. Wanafunzi wa kiume wa chuo wenye huzuni na wasiwasi waligawanywa. Baadhi walitibiwa na wataalamu wenye uzoefu mkubwa. Wengine walizungumza na wahadhiri wa chuo ambao hawakuwa na mafunzo ya tiba, bali walijulikana kwa upole na uelewa wao. Kwa wastani, makundi hayo mawili yalipata nafuu inayolingana. Wanafunzi hao, hata hivyo, hawakuwa na maradhi mazito.

Jaribio la pili lilifanyika karibu nasi, katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2003 na Paul Bolton na wenzake. Vijiji 30 vilichaguliwa. Katika baadhi yake, watu wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wa kawaida waliofunzwa kwa wiki mbili namna ya kuendesha tiba ya mazungumzo. Vijiji vingine vilikuwa vya kulinganishia. Kabla ya jaribio, asilimia 86 ya watu wa vikundi vya tiba walikuwa na dalili kamili za sonona. Baadaye walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji vya kulinganishia idadi ilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7.

Mwanafunzi wa sayansi azingatie tarakimu za mwisho. Watu wengi wa vijiji vya kulinganishia nao walipata nafuu pasipo tiba ya vikundi. Kama watafiti wasingekuwa na kundi la kulinganishia, wangeihesabu nafuu yote kuwa ni kazi ya tiba. Na hii ndiyo sababu ushuhuda wa mtu mmoja, "mimi nilizungumza na rafiki nikapona," hautoshi kuwa ushahidi: huenda angepona hata hivyo.

Jaribio la tatu ni la Zimbabwe. Mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza kazi katika mtaa wa Mbare, Harare, pamoja na akina bibi waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaa. Waliwekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati, na mpango ukaitwa Benchi la Urafiki. Bibi humsikiliza anayesumbuliwa na kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza mno, kisha humwongoza kwa hatua: kuorodhesha shida zake, kuchagua moja, kutafuta njia ya kuitatua, kuijaribu, na kurudi kueleza ilivyokuwa. Matokeo ya jaribio lililohusisha watu 573 katika zahanati 24 yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilionekana kwa asilimia 13.7 ya waliopita kwenye benchi, na kwa asilimia 49.9 ya wale waliopata huduma ya kawaida.

KINACHOLETA TOFAUTI

Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema: basi imethibitika, rafiki ametosha! Lakini tuwatazame vizuri akina bibi wa Harare na viongozi wa vikundi wa Masaka. Hawakuwa wataalamu, ni kweli. Wala hawakuwa marafiki wa kawaida. Walikuwa na mambo matatu ambayo rafiki wa kawaida hana.

Walikuwa na utaratibu. Mazungumzo yao yalikuwa na mwanzo, hatua na mwisho, hayakuzunguka mahali pamoja. Walikuwa na usimamizi: aliyelemewa na mgonjwa mgumu aliweza kumwuliza aliyemzidi ujuzi. Tena walikuwa na mpaka wa kazi. Katika jaribio la Harare, watu wenye nia ya kujiua na wale waliopoteza uhusiano na hali halisi hawakuingizwa kabisa katika benchi. Hao wanahitaji mikono mingine.

Kwa hiyo mstari unaotenganisha msaada unaotibu na usiotibu haupiti baina ya mwenye shahada na asiye nayo. Unapita baina ya msaada wenye utaratibu, usimamizi na njia ya rufaa, na msaada usio na vitu hivyo. Rafiki mwema hawezi kushika nafasi ya mtaalamu. Lakini mtu wa kawaida aliyefunzwa, akiwa na mtaalamu nyuma yake, aweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo tulidhani ni ya mtaalamu pekee. Na mtaalamu, kwa upande wake, hawezi kushika nafasi ya rafiki. Hawezi kulala bweni moja na mgonjwa, wala kumpelekea uji.

NJIA KWA WILAYA ZETU

Tanzania si mgeni katika fikra hii. Mwaka 1980 mpango wa taifa wa afya ya akili ulianza kwa majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, kwa shabaha ya kuzitoa huduma katika hospitali kubwa na kuzifikisha kwenye vituo vya afya na zahanati. Sheria ya Afya ya Akili ilipitishwa mwaka 2008. Kwa upande wa shule, waraka wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2002 uliagiza huduma za ushauri na unasihi katika shule za sekondari. Nachingwea ina chuo cha ualimu. Mwalimu anayetoka chuoni humo akiwa amefunzwa kusikiliza kwa utaratibu, na akijua ni nani wa kumpelekea mwanafunzi hospitalini, ana faida kubwa kwa mamia ya watoto.

Kuna pia jambo la kujifunza kuhusu mahali watu wanapokwenda. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 na Mdimu Ngoma na wenzake ulionyesha dalili za maradhi ya akili ya kawaida kwa asilimia 24 ya waliohudhuria vituo vya afya, na kwa asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi. Watu hawa walikuwa wakitafuta msaada tayari. Wakati mwingine kinachokosekana ni daraja kati ya yule wanayemwendea kwanza na yule awezaye kuwatibu.

Wakati daraja hilo linajengwa, haya yanawezekana leo katika shule yo yote.

Mwanafunzi amsikilize mwenzake bila kumcheka wala kumhubiria. Akisikia dalili zimedumu wiki mbili au zaidi, amshauri wamwendee pamoja mwalimu wa malezi, matroni au patroni. Maneno "twende pamoja" yana nguvu kuliko "nenda".

Akisikia mwenzake anataja kufa, amwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Utafiti umeonyesha kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu. Asimwache peke yake, na amwarifu mtu mzima siku hiyo hiyo, hata kama aliapishwa. Mtoto anaweza pia kupiga simu namba 116 bila malipo, ambayo ni namba ya taifa ya kuwasaidia watoto.

Mwalimu asiahidi siri asiyoweza kuitunza. Aseme mapema: "Nitakutunzia siri zako, ila maisha yako yakiwa hatarini nitatafuta msaada." Aidha, ajue hospitali ya wilaya iko tayari kumpokea nani, kwa utaratibu gani, kabla ya siku ya haja.

Wazazi nao wafungie dawa za kuulia wadudu wa mikorosho mahali pasipofikika. Hatari ya kujiua mara nyingi huja kwa dhoruba fupi, na kizuizi kidogo huokoa maisha mpaka dhoruba ipite.

Tukirudi kwa yule mwanafunzi wa bwenini, rafiki yake hakuwa na uwezo wa kumtibu, wala hakuna aliyemdai hivyo. Alikuwa na uwezo wa jambo jingine ambalo daktari wa Dodoma hana: alikuwa wa kwanza kujua. Elimu ya afya ya akili shuleni ina kazi ya kumfundisha huyo wa kwanza kujua kwamba kuvunja kiapo kile na kumwamsha matroni usiku huo ni sehemu ya urafiki wenyewe.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini watafiti wa Masaka na Rakai walihitaji vijiji vya kulinganishia? Eleza kwa kutumia tarakimu zilizotajwa.

2. Taja utaratibu mmoja wa kusaidiana uliopo kijijini kwenu. Je, una hatua, usimamizi na njia ya rufaa? Kama hauna, ungeongezwa nini?

3. Tofautisha mazungumzo yanayocheua shida na mazungumzo yanayotafuta hatua. Andikeni mfano mmoja wa kila aina, kisha muulinganishe na wa kikundi kingine.